Kisanduku cha Sababu

Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya kutwa karibu na Nyamache. Nilikuwa nimeajiriwa na bodi ya shule, si na serikali. Wanaojua maana yake hawahitaji kuelezwa. Wasiojua nitawaambia hivi: kuna miezi mshahara ulikuja, na kuna miezi mwalimu mkuu alituita ofisini, akatutazama kwa huruma, akatuuliza kama tumekunywa chai.

Nilikuwa nimeolewa miaka saba. Mume wangu ni fundi wa magari na kazi yake ilikuwa Nakuru. Alikuja nyumbani mwisho wa mwezi, akiweza. Hatukuwa na mtoto. Siku hizo jambo hili sikulisema kwa watu. Nililisema mara moja tu, kwa mama mdogo wangu anayekaa Ikonge, mdogo wake marehemu mama, ambaye kwetu tunamwita Makomoke. Tulikuwa tukichuma chai, mistari yetu imekaribiana, na pengine nilisema kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi na sikulazimika kumtazama usoni. Aliendelea kuchuma. Baadaye akasema, "Nitalibeba hilo pamoja nawe," na hatukulizungumza tena.

Aliyeniingiza katika biashara ya mtandaoni ni rafiki yangu wa chuo. Tulikaa chumba kimoja miaka miwili, tukagawana sabuni na viatu vya kwendea kanisani. Jumapili moja alinipigia kusema yuko mjini Kisii, niende tunywe chai. Nilimkuta ghorofani katika hoteli moja, amevaa suti ya kijani, simu mbili mezani mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "bado unasahihisha insha?"

"Bado."

"Na wanakulipa?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alinisogezea sahani ya maandazi na kuanza kunieleza. Kulikuwa na kampuni iliyouza masomo kwa mtandao: kuoka keki, kufuga kuku, kutengeneza sabuni, kujiandaa kwa usaili wa kazi. Ukijiunga unapewa linki yako mwenyewe. Mtu akinunua somo kupitia linki hiyo, unapata kamisheni. Hakuna duka, hakuna mzigo wa kubeba.

Miezi miwili ya kwanza nilifanya hivyo tu. Niliuza masomo machache. Mama mmoja wa kanisani kwetu alinunua lile la keki, akajifunza kweli, na mpaka leo ndiye anayeoka za harusi katika kata yetu. Nalitaja kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo lililonifanya niamini yaliyofuata.

"Kuuza peke yako ni kibarua," rafiki yangu aliniambia tulipokutana tena. "Jenga timu. Wakiuza wao, na wewe unapata. Na kuna chombo cha kukusaidia."

Chombo chenyewe kilikuwa programu ya kuweka kwenye simu. Aliiweka yeye, pale pale mezani, huku nikimalizia chai. Iliomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi. Alinitazama, nikaitikia kwa kichwa, akabonyeza. Mara majina yakaanza kupanda kwenye kioo kama siafu: wazazi wa wanafunzi, muuza gesi, dada zangu, kamati ya harusi iliyokwisha zamani. Hata namba ya marehemu baba, ambayo sikuwahi kuifuta, ilipata kadi yake.

Kila mtu alikuwa na kadi. Jina, mahali anapokaa, kazi, kanisa. Chini ya hayo palikuwa na kisanduku kikubwa kuliko vyote, kimeandikwa juu yake neno moja: Sababu.

"Hapa unaweka nini?"

"Kinachomuuma," akasema. "Mtu hajiungi kwa kuwa kitu ni kizuri. Anajiunga kwa kuwa kuna mahali panamuuma. Wewe unajua watu, Mwalimu. Andika."

"Nani anasoma?"

"Chombo. Ndicho kinakusaidia kupanga maneno."

Nilianza na Makomoke. Nilijiambia naanza naye kwa kuwa nampenda, na sidhani kuwa nilijidanganya. Binti yake alikuwa amekwenda nchi za Ghuba, Uarabuni, kufanya kazi za nyumbani. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila Jumamosi baada ya kanisa, maana sisi ni Wasabato. Halafu simu ikazimwa, na huo ulikuwa mwaka wa tatu tangu izimwe. Wakala aliyempeleka alifunga ofisi. Makomoke alichuma chai huku simu imefungwa kwenye pindo la leso, asije akaikosa ikilia.

Niliandika hayo yote. Niliandika vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilichagua maneno kama ninavyowafundisha wanafunzi wachague. Niliandika habari ya simu za Jumamosi. Niliandika habari ya leso. Niliandika kwamba binti alikuwa na kovu mkono wa kulia, tangu uji ulipommwagikia akiwa mdogo, na kwamba mama yake hujilaumu kwa uji ule kuliko kwa jambo lingine lolote.

Nilipobonyeza kuhifadhi, kando ya jina la Makomoke pakawaka alama ya moto. Chini yake chombo kikaandika: Yuko tayari. Kisha kikanipangia ujumbe. Ulianza kwa salamu ya Sabato. Ukasema najua anavyomuwaza mwanawe. Ukasema nauli ya kwenda kumtafuta mtoto haitatoka kwenye majani ya chai pekee. Niliusoma mara mbili. Lakini nikajiuliza, kuna uongo gani hapo? Sikuona uongo. Nikauweka katika Ekegusii, lugha yetu, nikausema kwa sauti yangu, nikautuma.

Jibu lilikuja kabla sijafika kituo cha magari. "Nitumie hiyo linki, mwanangu," alisema. "Bonasi ya chai imeingia, pesa ya kujiunga ninayo. Jirani atanisaidia kubonyeza."

Baada yake walikuja wengine. Mwalimu mwenzangu wa hesabu alijiunga. Kwenye kisanduku chake niliandika kwamba hajamaliza mahari na mkwewe humpigia simu kumfokea. Fundi mmoja wa Tabaka, mchongaji wa vifaru na vipambo vya mezani kwa mawe yale laini ya kwao, alijiunga. Niliandika kwamba wachuuzi wanamnunulia kwa bei ya kutupa, na kwamba hawezi kukataa kwa sababu mkewe yuko kwenye dawa kila mwezi. Kufikia muhula wa tatu nilikuwa na zaidi ya watu hamsini chini yangu. Chombo kiliwaonyesha kama mti uliopinduliwa, mimi juu, wao wakiteremka matawi kwa matawi, kila mmoja nukta ya kijani. Mtu akikaa siku tatu bila kuuza wala kualika, nukta yake iligeuka njano. Hapo chombo kiliandika neno moja: Mguse. Na maneno ya kumgusa nayo kilikuwa kimeshayaandaa, yametolewa kisandukuni.

Mwanzoni niliyasoma kwanza kabla ya kutuma. Baadaye, mitihani ilipokaribia, rafiki yangu alinionyesha mahali pa kubonyeza ili yajitume yenyewe.

Siku moja, mapumziko ya saa nne, mwalimu wa hesabu alikuja na kikombe chake akaketi karibu nami.

"Madam, ulijuaje kuwa mkwe wangu alinipigia jana?"

"Sikujua."

"Mbona asubuhi umenitumia?" Akanionyesha. Ujumbe ulikuwa na jina langu na picha yangu. Ulisema: Najua simu ya jana ilikuumiza. Usikubali kudharauliwa tena.

Saa ile ujumbe ulipokwenda, nilikuwa nimesimama gwarideni na wanafunzi wakiimba wimbo wa taifa. "Nilibahatisha," nikamwambia. Alicheka, nami nikacheka. Lakini alinyanyuka kwenda kuongeza chai, na aliporudi alikaa kiti kingine.

Likizo ya Aprili iliyofuata nilichoka. Nilitaka kuacha. Sikumwambia mtu, nilizima tu data ya simu, nikapanda maharagwe, nikafua mapazia. Siku ya sita rafiki yangu alipiga simu ya kawaida.

"Mwalimu, uko sawa?"

"Niko sawa, nimepumzika tu."

Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile sauti yake ya chumbani chuoni, "Nimekuwa nikikuombea. Kuhusu mtoto."

Nilikaa chini, pale pale kwenye tuta. Sikuwahi kumwambia. Niliona kwamba labda Mungu ndiye amemfunulia. Wakati mwingine mtu mpweke huwa tayari kuamini hivyo. Nililia, naye akaningoja. Akasema kuna daktari Nairobi anayesaidia watu kama sisi, na kwamba pesa za daktari yule najua zitatoka wapi. Alasiri hiyo niliwasha data. Nukta za njano zilikuwa kumi na moja. Niliwagusa wote.

Mwezi wa Juni kampuni ilitufanyia sherehe katika ukumbi mmoja mjini Kisii. Mimi nilikuwa miongoni mwa wanaopandishwa ngazi. Tulivaa fulana za rangi moja, tukapewa soda na vipande vya keki, na kijana mmoja wa mitambo alikuwa akihangaika na mashine ya kuonyesha picha ukutani. Rafiki yangu, aliyekuwa akisalimiana na wageni, akanipa simu yake. "Mtafutie picha ya mti wetu, iko ndani ya chombo. Bonyeza timu."

Nilibonyeza timu. Jina la kwanza chini yake lilikuwa langu. Kidole kiliteleza, au sikukizuia. Kadi yangu ikafunguka.

Kwenye kisanduku cha Sababu paliandikwa: Hana mtoto, miaka saba. Mume Nakuru. Ana aibu, haongei. Usiguse mapema. Gusa akitaka kuacha.

Chini yake: Chanzo, mama mdogo, Ikonge.

Chini yake tena: Ameguswa mara moja, Aprili. Imefaulu.

Nilisimama na ile simu. Watu walikuwa wakipiga makofi kwa jambo ambalo sikulisikia. Rafiki yangu alikuja akaitazama simu, kisha akanitazama mimi, akaichukua taratibu kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Usichukulie vibaya," akasema.

"Ulimuuliza Makomoke?"

"Nilimpigia kumkaribisha kwenye timu. Nikamuuliza tukuombee nini. Aliniambia kwa upendo."

"Nawe ukaandika."

"Wewe hukuandika?" Hakusema kwa hasira. "Mimi pia nina kadi. Walio juu yangu wanaisoma."

"Imeandikwa nini?"

"Sijui. Ya kwako huwezi kuifungua." Akacheka kidogo, akaangalia mlangoni kana kwamba kuna mtu ameingia. Hakukuwa na mtu.

"Walio juu yako ni kina nani? Wako wangapi?"

"Mwalimu, wanakuita mbele," akasema.

Nilikwenda mbele. Nilipewa cheti. Kuna picha yangu ya siku ile, natabasamu.

Nilipofika nyumbani nilifungua kadi ya Makomoke, nikafuta kila kitu kisandukuni. Chombo kikaniambia ombi limepokelewa. Kesho yake maneno yalikuwa yamerudi yote, mpaka alama za vituo, ila sasa palipokuwa na kalamu ya kuhariri pamebaki patupu. Nilijaribu kadi ya mwalimu wa hesabu, ya fundi wa Tabaka, ya wale wa kanisani. Ilikuwa vivyo hivyo. Jioni ya siku ya pili, jua likiwa bado juu ya migomba, kadi zote zikafungwa nisiweze hata kuzisoma. Nukta zilibaki. Ziliendelea kuwa za kijani, na nyingine zikaongezeka, ambazo sikuziongeza mimi.

Majuma mawili baadaye Makomoke alinipigia. "Njoo Jumapili," akasema, "uje ule." Sauti yake ilikuwa imepanda, kama ya msichana.

Nilipofika Ikonge alikuwa amechinja kuku. Kulikuwa na ugali wa wimbi na chinsaga, mboga chungu anayoipika na maziwa mpaka inakuwa tamu. Alikuwa amefagia ua mpaka barabarani. Alinipa maji ya kunawa, akaketi mbele yangu, lakini yeye hakula.

"Ameonekana," akasema.

"Nani?"

Alitaja jina la binti yake. Kwa muda mrefu sikuwa nimelisikia likitamkwa katika nyumba ile.

Mwanamume alikuwa amempigia kutoka namba ya nje. Alisema Kiswahili, na mama mmoja wa jirani alimfasiria sehemu ngumu. Alisema binti yuko katika nyumba moja kubwa, mwajiri amemnyang'anya pasipoti, na kwamba yeye ni dereva wa nyumba ya pili na amemwonea huruma. Karatasi zikilipiwa, atasafiri. Makomoke alikuwa ameshatuma pesa mara mbili. Nusu ya mistari yake ya chai alikuwa amemkodisha jirani kwa misimu miwili.

"Ulimwaminije, Makomoke?"

"Alijua kila kitu!" Aliinama karibu nami. "Alijua alikuwa akinipigia Jumamosi tukitoka kanisani. Alijua naiweka simu kwenye leso. Alijua mpaka uji ule uliomchoma. Nani angemwambia habari za uji, kama si yeye mwenyewe? Alikosea kidogo tu. Alisema kovu liko mkono wa kulia. Nikamwambia ni wa kushoto. Akasema, samahani mama, ni wa kushoto."

Tonge lilikuwa mkononi mwangu. Nililirudisha kwenye sahani. Nilijaribu kumkumbuka binamu yangu, akiwa amenyoosha mkono kisimani, akisuka nywele, akibeba kikapu cha majani. Mkono wa kushoto. Ulikuwa wa kushoto siku zote. Aliyeandika wa kulia ni mimi.

Nilimwambia. Nilimwambia yote, kuanzia ile hoteli mjini, kadi, kisanduku, walio juu wanavyosoma, mpaka lile kosa la mkono. Nilisema kwa Ekegusii, na lugha yetu haina mahali pa kujificha katika mambo kama hayo. Alinisikiliza akinitazama mdomo. Nilipomaliza alikusanya sahani, akazipanga moja juu ya nyingine, yangu ikiwa bado na chakula.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Miaka mitatu hakuna mtu aliyeniambia yu hai. Polisi hawakuniambia. Wakala hakuniambia. Mchungaji alisema tuombe. Huyu mtu amesema yu hai, amekula, amevaa sweta. Nawe umetoka Nyamache kuja kuniambia si kweli."

"Makomoke, alisoma niliyoyaandika mimi."

"Ulipoandika," akasema, "uliandika kwamba yu hai au amekufa?"

Nilifikiri. "Sikuandika."

"Basi hilo hakulisoma kwako."

Alibeba sahani akaingia jikoni. Nilibaki nikisikia maji yakimwagika. Alipotoka alinifungia mapaja ya kuku kwenye jani la mgomba nipeleke nyumbani, akanisindikiza hadi kwenye mfereji wa barabara, kama anavyofanya siku zote. Tulipoagana hakunishika mkono.

Kesho yake niliomba ruhusa shuleni, nikaenda kituo cha polisi. Ofisa aliyekuwa mezani aliandika kitabuni, akaitazama namba ya yule dereva, niliyoipata kwa jirani aliyemfasiria Makomoke, akapumua. "Mama, hii ni ya nje. Tutafuatilia." Akanipa namba ya taarifa kwenye kipande cha karatasi. Nimerudi mara tatu. Mara ya mwisho alikuwa ofisa mwingine, akaanza upya kuniuliza jina.

Nilimpigia rafiki yangu. Nilimweleza habari za Ikonge.

"Si mimi," akasema.

"Nani basi?"

"Sijui. Kadi husomwa, Mwalimu. Huenda zinauzwa pia, mimi sijui zinakwenda wapi. Mwanzoni nilidhani ni za kupanga maneno tu." Kisha akasema kwa haraka, "Usinipigie kwa namba hii. Nao wananipigia. Wanajua shule ya mwanangu."

Baada ya siku ile simu yake haikupatikana. Nilisikia amehama Kisii. Sijamwona tena, na kuna siku hasira yangu juu yake hukaa vizuri, na kuna siku naikumbuka ile sauti yake ya mwisho na hasira haikai.

Niliwaendea watu wangu mmoja mmoja. Sikutaka kuwaambia kwa simu. Ilinichukua muhula mzima, alasiri baada ya vipindi na Jumapili zote. Wengine walinisikiliza kwa adabu na kuniambia hakuna neno, wao hawana la kuficha. Mama mmoja wa Shule ya Sabato alifunga mlango.

Mwalimu wa hesabu aliuliza swali moja. "Uliandika nini kunihusu?"

Nilimwambia neno kwa neno.

Alikuwa akisahihisha, aliifunika kalamu yake. "Mke wangu hajui kuwa sijamaliza mahari," akasema. "Nilikuambia wewe kwa sababu uliniambia hujalipwa. Nilidhani tunaliwazana." Mpaka nilipoondoka shule ile hatukuketi tena meza moja. Tulisalimiana, naam. Watu hawaachi kusalimiana.

Fundi wa Tabaka nilimkuta amekaa katikati ya vumbi lake jeupe, kope na nyusi zimekuwa za mzee. Aliendelea kusugua kifaru kwa msasa huku namweleza. Nilipotaja habari ya dawa za mkewe aliacha kusugua.

"Sasa naelewa," akasema. "Kuna mnunuzi mpya hunipigia. Anajua tarehe ya kliniki. Hunipigia siku mbili kabla, kila mwezi, na bei yake hushuka kila mwezi." Akakipuliza kifaru, akakigeuza. "Nilidhani ni bahati mbaya yangu."

Nilimwomba msamaha. Alisema, "Haya, mwalimu," na kunipisha njia kwenye yale mawe nisijikwae.

Mimi akaunti yangu niliifunga, au nilibonyeza mahali palipoandikwa funga. Niliondoa ile programu, nikabadilisha simu, nikabadilisha laini. Mwaka uliofuata nilipata ajira ya serikali, nikahamishiwa shule moja upande wa Nyamira, na nilifurahi kuondoka. Lakini siku moja nilirudi Nyamache siku ya soko kununua ndizi, na msichana mmoja niliyemfundisha kidato cha nne akanikimbilia katikati ya watu.

"Mwalimu! Asante kwa ujumbe wako!"

"Ujumbe gani?"

Alinionyesha. Picha ilikuwa yangu, ile ya siku ya cheti, natabasamu. Ujumbe ulimwambia kwamba nilimwona tangu darasani kuwa atafika mbali, na kwamba najua ada ya chuo imemzuia. Ilikuwa kweli, ada ilikuwa imemzuia. Kiswahili cha ujumbe kilikuwa kizuri. Kilikuwa changu, hata mimi ningeapa kuwa ni changu.

Nilimvuta kando ya mizigo ya ndizi, nikamweleza kwa dakika chache nilizoweza. Alikuwa akiitikia kwa kichwa, lakini macho yake yalikuwa yakirudi kwenye kioo.

"Umeshaandika watu wangapi?" nikamuuliza.

"Mmoja tu. Mama."

Nilimsihi asiandike mwingine. Aliahidi, kama wanafunzi wanavyoahidi.

Sasa nakaa karibu na Ikonge kuliko nilivyokaa nikiwa Nyamache, na Jumapili nyingi huenda kumsaidia Makomoke. Mistari aliyokodisha imerudi kwake baada ya misimu ile miwili. Jirani aliichuma vibaya na imekuwa mirefu, inabidi kupogolewa. Hatuzungumzi habari za dereva. Nimewahi kumshika mikono na kumwomba asitume chochote tena, akasema "Sitatuma," na nikaona jinsi alivyoitazama ardhi. Hajanifukuza. Hunipikia. Nilipopata mimba mwaka jana, alikuwa mtu wa kwanza kunikumbatia, na ilipotoka katika mwezi wa tatu alikaa nami hospitalini Nyamira siku mbili bila kubadilisha nguo. Kuna swali alitaka kuniuliza wakati ule, nililiona. Hakuuliza. Nadhani alitaka kujua kama kuna mtu nimemwambia.

Jumapili iliyopita tulikuwa nje tukimenya ndizi za kupika, kila mmoja na kisu chake, maji yamewekwa katikati yetu. Simu yake ikalia. Alilifungua pindo la leso, akaitazama namba, akanitazama mimi. Akajifuta utomvu kwenye sketi, kidole kwa kidole, bila haraka. Kisha akainuka akaenda nyuma ya nyumba, na nikamsikia akiitika kwa Kiswahili, kile Kiswahili kidogo alichojifunza kwa ajili ya simu hiyo, "Ndiyo, ndiyo, mimi mama yake," na baada ya hapo sauti ikawa mbali nisiweze kufuata. Nilichukua ndizi nyingine, nikaendelea kumenya.